Hati Isiyo na Mlango

Kazi yangu ni milango.
Miaka kumi na tisa natembeza wito wa mahakama
kwa baiskeli, Tabora mjini na viunga vyake,
na milango naijua kama daktari wa meno ajuavyo vinywa:
wa bati pale Ng'ambo, unaolia ukiguswa,
wa mninga kule Cheyo, kufuli mbili na mbwa mmoja,
wa gunia, Ipuli, usiokuzuia ila kwa aibu yako.
Utaratibu ni huu: mkabidhi mkononi.
Akikimbia, mpe mtu mzima wa nyumba yake.
Wakikataa wote, bandika mlangoni, uende ukaape.

Alhamisi karani Msabila alinipa hati nyepesi kuliko zote.
Mdai: Kalunde Mihayo, muuza asali, Kiloleni.
Mdaiwa: lile duka la picha na soga
tunaloingia usiku bila kubisha hodi.
Mtu fulani aliuiba uso wa Kalunde,
akaubandika kwenye chupa ya dawa ya kisukari,
na duka likapokea fedha ya tangazo,
likautembeza uso huo Urambo, Sikonge, mpaka ng'ambo ya ziwa.
Mama mmoja wa Ulyankulu aliacha sindano, akanywa.
Mwanawe alikuja sokoni na tanga bado halijaanuliwa,
akasimama mbele ya ndoo za asali, hakusema kitu.

Kalunde alilalamika dukani mara saba.
Mara saba akajibiwa kwa adabu, bila jina:
Tumepitia. Hakuna kanuni yetu iliyovunjwa.

Kanuni yetu.

Mzani wa Kalunde una muhuri wa serikali;
ukipunja robo, anafungwa.
Wanunuzi wa tumbaku waliopanda ndege mbili kuja huku
husimama penye mizani yetu, hulipa ushuru wetu,
hununa, hulipa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu tunaye miaka mingapi?
Hajashika hata mpini.

Nilikwenda kwenye mnara wa Isevya.
Mlinzi akaisoma hati mpaka mwisho, akanirudishia:
"Mnara ni wa wengine, mzee.
Hao unaowatafuta wanapita tu humu."
Posta wakanitajia nauli ya barua hadi huko kwao.
Nikakunja hati, nikapanda baiskeli.

Lakini nisijifanye sina la moyoni.
Mwaka juzi nilibeba hati nyingine, Kanyenye,
kwa kijana Ntabo, aliyepiga picha kisima
kilichozinduliwa mara mbili bila tone.
Muhuri uleule. Wino uleule wa zambarau.
Duka liliambiwa liifute picha, likagoma,
nami, mtumishi wa mahakama, nikalishukuru kimoyomoyo
lile duka lisilo na mlango.
Mke wa Ntabo alinifungulia, akanipa maji ya kunywa.
Ya kununua, kwa dumu.

Kalunde husema nyuki hawaulizi:
mrina asali na mwizi wanaumwa sawasawa.
Basi nataka sheria imfikie yule wa mbali,
na naiogopa ikishafika itapitia wapi kurudi.
Yote mawili nayabeba kwenye mkoba mmoja,
na mkoba wenyewe zipu imekufa.

Jioni nilimkuta anachuja masega kwa kitambaa cheupe.
"Mlango haujaonekana," nikasema.
Hakuinua kichwa.
Simu ikamulika juu ya mfuniko wa ndoo:
Kalunde, uko Kiloleni.
Watu kumi na wawili karibu nawe wanatafuta asali.
Lipia tangazo.
Akanigeuzia kioo kwa kidole kinachonata.
"Wangu waliuonaje?"

Nina kiapo cha kujaza kabla ya Jumatatu.
Penye mstari wa mahali alipopatikana mdaiwa
nimeandika, nimekata, nimeandika tena:
mkononi mwa mdai.